Mwaka Zohali Ilipovua Pete

Hapa Ipogolo, Evarista Kihwele anajulikana kwa kazi ambayo hakuisomea. Aliyoisomea ni jiolojia, yaani elimu ya miamba, na aliisomea Mbeya, katika chuo ambacho sina haja ya kukitaja. Anayoipenda sawasawa na hiyo ni elimu ya anga, ambayo chuoni hapo haikufundishwa kabisa. Alijifunza mwenyewe, akisaidiwa na rafiki. Lakini ukishuka kwenye basi hapa chini ya mlima, ukamwuliza mwendesha bodaboda nyumba ya msomi wa miamba, atakutazama tu. Mwulize nyumba ya binti anayeonyesha nyota yenye pete, naye atakufikisha mlangoni. Ninaeleza hapa jinsi jambo hilo lilivyotokea, kwa kuwa limesimuliwa vibaya mara nyingi, hasa na watu waliokuwapo.

Baba yake Evarista ni Joachim, seremala. Binti yake alipopata nafasi ya kusoma jiolojia, Joachim alifurahi kwa sababu moja. Mdogo wake, Zabron, alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Makongolosi, wilayani Chunya, na kwa miaka mingi alikuwa amechimba kila mahali isipokuwa ilipo dhahabu. Joachim aliona kwamba sasa ukoo umekamilika: mmoja wa kuchimba na mmoja wa kumwonyesha pa kuchimba. Hakuna aliyemwuliza Evarista kama na yeye alikuwa ameliona jambo hilo hivyo.

Chuoni alikutana na Hiral, binti wa Pravin, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Iringa mjini. Wote wawili walizaliwa Iringa, mmoja juu ya mlima na mwingine chini yake, barabara moja ya kupanda ikiwa kati yao. Iliwabidi waende hadi Mbeya ndipo wajuane. Katika mwaka wao wa kwanza darasa lilipelekwa Mbozi kukitazama kimondo, lile bonge la chuma lililoanguka kutoka angani. Wenzao walipiga picha, wakarudi kwenye basi kula ndizi. Wawili hawa walibaki wakibishana. Hiral alisema jiwe lile ni mali ya elimu ya anga, kwa kuwa huko ndiko lilikotoka. Evarista alisema ni mali ya jiolojia, kwa kuwa hapa ndipo lilipofikia. Dereva alipiga honi mara kadhaa. Hawakukubaliana siku ile, na hawajakubaliana hadi leo, na huo ndio msingi wa urafiki wao.

Tangu hapo kila mmoja alimfundisha mwenzake. Evarista alimtembeza Hiral kwenye kingo za mito na machimbo ya kokoto, akimwonyesha tabaka za miamba zilivyolaliana. Hiral alimketisha Evarista uwanjani mwa bweni, akimtajia Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, na namna ya kuzitofautisha na nyota. Kosa lao, kama lilikuwa kosa, ni kudhani kwamba kitu kikionyeshwa vizuri, kila mtu atakiona kilekile.

Mwaka 2023 Yash, kaka yake Hiral aishiye Uingereza, alimletea dada yake darubini. Ilipofika likizo, mabinti waliisimamisha juu ya paa la nyumba ya Pravin, jua lilipokwisha kuzama, wakaielekeza kwenye Zohali. Mama Yash alipanda kuanua nguo, akauliza wanatazama nini. Hiral alimjibu kwa jina la nyumbani kwao: Shani.

Inafaa nieleze. Kwa Wahindu wa nyumba ile, Shani ni sayari nzito. Ikimkalia mtu, mambo yake hukwama kwa miaka. Huombwa ipite mbali. Na sasa mabinti wawili walikuwa wakiivuta karibu kwa vioo, juu ya paa la duka. Lakini katika Kiswahili shani ni jambo la ajabu na la kupendeza, na Evarista, aliyekuwa hajui lile la kwanza, alidhani Mama Yash, aliyelirudia jina hilo kwa sauti, anashangilia.

"Ni shani kweli, mama," akamjibu. "Njoo na wewe utazame."

Mama Yash alishuka ngazi huku ameshika kichwa. Kesho yake aliamua kwa upole, lakini bila rufaa, kwamba darubini ikakae kwa akina Evarista. "Iangalieni kule kwa Wakristo," alisema. "Wao haiwajui."

Ndivyo darubini ilivyoteremka mlima hadi uani kwa Joachim, na hapo ndipo Evarista alipopata shauri ambalo lilimshika kuliko masomo yake yote. Alitaka kuanzisha chama cha watoto wa shule, wajifunze anga na miamba, na alitaka kiwe katika ukumbi wa kigango chetu cha Kikatoliki, wenye uwanja uliozungushiwa ukuta mrefu, ambako taa za malori ya barabara kuu hazifiki. Kwa hilo ilihitajika ruhusa ya halmashauri ya kigango, na katika halmashauri ile sauti nzito ilikuwa ya katekista wetu, Danieli. Danieli hakuwa mtu mgumu. Alisema tu kwamba kwanza watu wazima waione hiyo darubini, waridhike, kisha jambo liletwe kikaoni.

Basi Evarista aliandika ubao, akaupigilia nje ya ukuta wa baba yake: NYOTA NA MAWE. NJOO UONE, UELEZWE. BURE. Kila neno katika ubao ule lilikuwa sahihi, na yote kwa pamoja yalikuwa balaa.

Nguzo za umeme za barabara yetu, kuanzia mizani hadi darajani, zimebandikwa matangazo ya waganga wanaosafisha nyota. Nyota ya mtu, kwa watu wetu, ni bahati yake: hung'aa, hufifia, huchafuliwa, na jirani mwenye kijicho anaweza hata kuiiba. Na mawe, kwa mtu yeyote mwenye ndugu Chunya, ni mawe ya dhahabu. Kwa hiyo jirani zetu walisoma kwamba binti wa Joachim amerudi kutoka Mbeya akiwa amefuzu.

Jioni ya kwanza walikuja wakiwa wameoga. Walitaja majina yao na ya mama zao bila kuulizwa. Mmoja alileta picha ya mumewe. Mwingine alileta kuku mweupe, ambaye Evarista alimrudisha, na kurudishwa kwa kuku kukaeleweka kuwa ni dalili kwamba shida yake ni nyepesi. Mzee mmoja alitaka kujua kama maana ya bure ni bure, au ni kulipa baada ya matokeo.

Evarista aliona kwamba tatizo ni neno. Akafungua kamusi, akafuta "nyota" akaandika "unajimu". Walikuja waliotaka kupangiwa siku ya kusafiri. Shamsha, mwenye duka la vitenge karibu na stendi, mwanamke Mwislamu mwenye huruma na ulimi mwepesi, alimshauri aandike "falaki", kwa kuwa ni neno la heshima. Akaja mkulima kutoka Ruaha Mbuyuni kuomba apigiwe falaki ya kuvuna vitunguu. Hatimaye Evarista aliandika "astronomia", neno ambalo hakuna aliyelijua, akidhani hilo ndilo salama. Vijana, wakidhani ni upatu mpya, wakaja kumwuliza nani yuko juu yake, na kila mtu anatakiwa kuingiza watu wangapi chini yake. Siku hiyo ubao uling'olewa, lakini ulikuwa umekwisha kufanya kazi.

Na mawe yalikuja pia. Zabron alifika kutoka Makongolosi na mfuko wa mawe mabegani, akaumwaga miguuni pa darubini.

"Mwanangu, hebu yatie humo."

"Baba mdogo, hii ni ya vitu vya mbali. Vya karibu vina chombo chake, kinaitwa hadubini."

"Kama inaona kitu kilicho mbali kiasi hicho, itashindwaje na kilicho mkononi?"

Evarista aliacha kubishana, akachukua lenzi yake ya mkononi, akayakagua mawe moja baada ya jingine, akamwambia ukweli: lile jeupe ni kwatzi, na kile kinachong'aa ni madini ya chuma na kiberiti, dhahabu hamna. Zabron alimsikiliza kwa heshima, kisha akamwambia kaka yake faraghani kwamba mtoto wamemlisha kiapo chuoni, hawezi kusema. Aliyaacha mawe yake uani, hadi kiapo kitakapoisha nguvu.

Sasa namleta Faustina, kwa kuwa bila yeye haya yote yangesahaulika. Faustina alinunua vitunguu Ruaha Mbuyuni na kuviuza hapa kwetu kando ya barabara. Alikuwa anaukaribia umri wa miaka arobaini, na alikuwa amechumbiwa na Saulo, dereva wa lori, kwa muda mrefu hata watu walikuwa wameacha kuuliza. Alikuja jioni moja ya Oktoba, akainamia darubini. Evarista alimweleza kwa utaratibu kwamba kile ni sayari, siyo nyota, na kwamba pete yake ni vipande vya barafu na mawe visivyo na idadi, vinavyoizunguka.

"Hii ndiyo yangu?" Faustina akauliza, jicho likiwa bado kwenye kioo.

"Si ya mtu, dada. Ni Zohali."

"Lakini mimi ndiye niliyeiona."

"Kila mtu ataiona hiyohiyo."

"Ina pete."

"Ndiyo, dada, ina pete. Nimekueleza, ni barafu."

"Basi imetosha," akasema Faustina. Akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka.

Alichomwambia Saulo aliporudi na lori lake kutoka Tunduma hatukijui. Tunachojua ni kwamba kabla ya Krismasi Saulo alileta wazee. Mwaka uliofuata, baada ya Pasaka, walifunga ndoa, na mshereheshaji akamshukuru mbele ya watu wote "mtaalamu wetu wa nyota", ambaye alikuwa ameketishwa meza ya mbele, na ambaye, kwa taarifa za walioketi naye, hakula.

Lakini hata kabla ya harusi, ujio wa wazee tu ulikuwa umetosha. Kila jioni uani kwa Joachim palikuwa na foleni ya wanawake wasioolewa, pamoja na mama wa vijana waliochelewa kuoa. Hiral alishuka kutoka mjini kusaidia. Wawili hao walimweleza kila mmoja habari ya barafu, na kila mmoja alisikiliza kwa adabu, kama mgonjwa anavyosikiliza maelezo ya daktari huku akingoja vidonge.

Katika hali hiyo ndipo ombi la ukumbi lilipofika kikaoni. Nilikuwapo, kwa kuwa wakati ule nilikuwa mjumbe. Danieli alisema kwa masikitiko ya kweli:

"Hatukatai elimu. Tunakataa foleni. Ukumbi wa kigango hauwezi kuwa mahali pa kutafutia waume."

Evarista alisimama. Hakulia wala hakubembeleza; alizungumza kama mtu anayesoma kanuni. Alisema kwamba pete ya Zohali ni pana lakini ni nyembamba mno, na kwamba kila baada ya miaka kama kumi na mitano Dunia huitazama kwa ubavu, nayo haionekani. Jambo hilo litatokea mwaka 2025.

"Itatoweka machoni petu, kisha itarudi," akasema. "Ikitoweka na ndoa zikabaki mahali pake, mtajua kwamba vitu hivi havihusiani. Je, hapo mtanipa ukumbi?"

Wajumbe walitazamana. Danieli akasema kwamba ni maneno ya haki: ikitoweka kama alivyosema, watampa. Evarista alitoka kikaoni uso ukimng'aa. Kwa mara ya kwanza tangu aje na darubini, watu wake walikuwa wamekubali jaribio, na jaribio ndilo lugha aliyokuwa amefundishwa. Mlangoni Danieli alimshika mkono, akamvuta pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mtu anaweza kutazama kwa niaba ya mwingine. Alikuwa na binti Njombe, mwalimu, mtoto mzuri sana, lakini hana nafasi ya kusafiri.

Miaka miwili ilipita. Evarista alirudi Mbeya, akaendelea na miamba yake, akawa anakuja likizo. Alihesabu upya kila kitu pamoja na Hiral, ingawa hesabu hizo zilikuwa zimekwisha kufanywa na watu wengine ulimwenguni muda mrefu, kwa kuwa safari hii alichokuwa ameweka rehani ni jina lake.

Septemba ya mwaka 2025 walikuja watu wengi kuliko siku zote. Uani hapakuwa na nafasi. Wengine walikaa juu ya mawe ya Zabron. Faustina, mke wa Saulo kwa mwaka mzima na zaidi, ndiye aliyepewa heshima ya kutazama kwanza. Darubini ilielekezwa. Zohali ilikuwa duara tupu, la manjano hafifu; mwenye jicho kali sana aliweza kuona uzi mmoja ukilikata katikati, lakini wengi hawakuuona hata huo.

"Ndiyo hiyo," alisema Evarista, naye alikuwa akitabasamu, peke yake katika ua mzima. "Niliwaambia."

Faustina aliinuka polepole.

"Imevua," akasema.

"Haijavua, dada. Imegeuka tu."

"Evarista, mume akikwambia pete hajaivua, ni mkono tu ameugeuza, wewe utamwamini?"

Evarista aliinamia darubini, akaanza kuusaka ule uzi.

Kuanzia kesho yake mambo yalikwenda mbio. Faustina alizichukua funguo za lori, akatangaza kwamba mumewe hatavuka daraja hadi pete irudi, kwa kuwa nyota iliyowaunganisha haiko katika hali yake. Wanawake wengine wawili walifanya vivyo hivyo kwa namna zao. Ndoa moja iliyokwisha kutangazwa kanisani iliahirishwa, bibi harusi akisema hana haraka ya kuolewa chini ya nyota iliyovua. Jambo lilikuwa limetimia kama hesabu ilivyosema, kwa usahihi ambao ungempatia Evarista sifa mahali popote pengine, na kila sehemu ya usahihi huo ilikuwa inamwangamiza.

Saulo mwenyewe alimfuata mchana, akiwa amevaa malapa, jambo lisilo la kawaida kwa mtu wa safari.

"Shemeji, itarudi lini?"

"Haijaondoka. Itaonekana vizuri mwakani, katikati ya mwaka."

"Mwakani. Hilo ndilo nimwambie tajiri wangu?"

"Mwambie dadangu akurudishie funguo. Pete ile haina habari na nyinyi."

"Nimemwambia. Ananiuliza kama mimi najua nyota kuliko wewe." Saulo alikuna kichwa. "Haiwezi kuharakishwa?"

"Haiwezi."

"Hata kidogo?"

Hata Joachim, ambaye kwa miaka miwili alikuwa amestahimili foleni uani kwake, alimwambia binti yake kwamba ukumbi ausahau, na pengine Ipogolo nayo aisahau kwa muda. Kuna kampuni za madini Chunya zinazotafuta watu. Evarista alijibu kwamba waliahidiana kikaoni na kwamba kikaoni atakwenda, wakimnyima wamnyime wakimtazama.

Siku ya kikao alikaa kiti cha mbele, magoti pamoja, kama mshtakiwa mwenye malezi mazuri. Danieli alifungua kwa sala, kisha akasema kwamba ajenda ni fupi. Binti alitamka mbele ya halmashauri, miaka miwili nyuma, kwamba pete itatoweka. Imetoweka. Halmashauri nayo ilitamka kwamba ikitoweka itatoa ukumbi. Hakuna la kujadili.

Evarista alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo. Na hapo, kwa sababu ndivyo alivyo, akaanza kuuharibu ushindi wake mwenyewe. Alisema kwamba hawakumwelewa. Kwamba yeye hakutabiri. Kwamba ni hesabu tu, na mtu yeyote mwenye subira anaweza kuifanya. Kwamba Kanisa lenyewe hupanga tarehe ya Pasaka kwa kuuhesabu mwezi, na hakuna anayeliita Kanisa mganga.

"Mwanangu," alisema mama mmoja mzee, mjumbe wa jumuiya ya karibu na mto, kwa huruma kubwa, "usijishushe."

Danieli alieleza msimamo wa wajumbe. Mtu anayejua mambo ya namna hii mapema, alisema, ni afadhali awe ndani ya ukuta wa kigango kuliko nje yake. Humo ndani atasaidiwa kwa sala, na watoto watasimamiwa. Lilikuwapo sharti moja tu. Kwa ajili ya amani ya ndoa za kigango, darubini isielekezwe kwenye nyota yenye pete hadi pete itakapokuwa imerudi.

Evarista alinieleza baadaye kwamba wakati ule alimkumbuka Mama Yash na kikapu chake cha nguo. Mwanamke Mhindu wa mjini na katekista Mkatoliki wa Ipogolo, ambao hawajawahi kusalimiana, walikuwa wamefikia kanuni ileile kwa njia mbili tofauti. Alikuwa amepewa alichokitaka kwa kila sababu isipokuwa ile ya kweli. Angeweza kuinuka na kukataa, na nadhani kwa dakika nzima alikuwa akilifikiria hilo, kwa maana alivitazama viganja vyake kama mtu anayetafuta kilichoandikwa humo. Kisha akasema kwamba anakubali, naye ana sharti lake. Watoto wa chama wafundishwe kuihesabu wenyewe siku ya kurudi kwa pete, kwa kalamu na karatasi, na wakishapata jibu, mtu mwingine asiulizwe, waulizwe wao. Danieli alikubali mara moja. Kungoja kwa kuhesabu siku ni jambo ambalo Kanisa linalielewa vizuri.

Zabron alifika wiki ile kutoka Makongolosi, habari zikiwa zimemtangulia. Aliyatazama mawe yake uani, akamwuliza Evarista mbele ya Joachim kama msimamo wake ni uleule. Evarista alisema ni uleule: dhahabu hamna. Zabron akainamisha kichwa. Mtu aliyesema pete itatoweka na ikatoweka, alisema, hawezi kuwa amekosea juu ya mawe. Akayatoa yote yawe msingi wa jukwaa la darubini katika uwanja wa kigango. Ndiyo mara ya kwanza jiolojia kuaminiwa katika ukoo ule, na iliaminiwa kwa sababu ya Zohali.

Chama kilifunguliwa wiki ya Pasaka iliyofuata, mawingu yalipotuachia nafasi jioni moja. Zohali haikuwapo, ilikuwa upande wa jua, kwa hiyo sharti halikumsumbua mtu. Hiral alishuka kutoka mjini pamoja na mama yake, ambaye alihakikishiwa mara mbili kwamba Shani haipo, ndipo akakubali kuketi, akiwa na sahani ya chevda, vile vitafunwa vikavu vya Kihindi, ya kugawia watoto. Darubini ilielekezwa kwenye Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, na pembeni yake, vikiwa vimejipanga, vilionekana vinukta vinne vya mwanga, yaani miezi yake mikubwa.

Watoto walitazama, kisha watu wazima. Faustina alitazama kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kudanganywa.

"Ina wanne," akasema.

"Wanne?" Shamsha akasema kutoka nyuma. "Hiyo mume wangu asiione."

Uwanja mzima ulicheka, hata Mama Yash, ingawa alilazimika kutafsiriwa kwanza. Evarista alifungua kinywa aanze kueleza kwamba ile ni miezi, lakini Hiral alimgusa kiwiko. Danieli ndiye aliyeuliza kama hukaa wanne siku zote. Nilimwona Evarista akimtazama Faustina, akimtazama Saulo, ambaye alikuwa amerudishiwa funguo kwa muda wa majaribio. Kisha akamtazama Danieli, akasema ukweli, kama alivyosema siku zote. Hapana. Kuna nyakati mmoja huingia kivulini mwa Mshtarii asionekane, kisha hutokea tena. Na leo ni siku mojawapo.



"Huyo ni mke mkubwa," alisema Shamsha. "Amechoka nao."

Hapo binti mdogo wa darasa la sita, jina lake Sneha, mpwa wake Hiral aliyeshuka naye, na mwenzake wa hapa Ipogolo ambaye ni mjukuu wa yule mama mzee wa halmashauri, walikuwa wameketi juu ya kwatzi ya Zabron na karatasi yao na jedwali la nyakati za miezi walilopewa. Walihesabu wakifutafuta. Yule mjukuu alisimama akasema mwezi ule utajificha kabla ya watu kumaliza kula chevda, na utarudi kabla ya wao kwenda kulala. Ulijificha. Watu walisubiri wakinong'ona. Evarista alikuwa amekunja mikono, akimwangalia yule mtoto na siyo mbingu. Kisha Hiral, aliyekuwa kwenye darubini, akasema umerudi.

Bibi yake yule mtoto alinyanyuka, akamfuta mjukuu wake vumbi la magotini kwa upande wa kitenge. Tangu kesho yake ameacha kumtuma mtoni kuteka maji. Watu wakija nyumbani kwake kuuliza habari za nyota huwaambia kwamba Evarista yuko Mbeya kwa mitihani, lakini mtoto yupo, wangoje amalize kazi ya shule.